Mwamba umechafuka au umechafuliwa?

SWALI: Nimo katika kikosi kinachopima maji ya chini ya ardhi kwa umeme, pwani ya Tanga. Kwenye ripoti niliandika: "Upinzani wa mwamba unaonyesha kuwa umechafuliwa na maji ya bahari." Mkubwa wangu akakata, akaweka "umechafuka". Nikimuuliza, anasema ni mamoja. Nani amepatia? Na mwamba wenye vitundu vinavyoshika maji tuuite "wa vinyweleo"?

JIBU: Yangekuwa mamoja asingekata. Mtoto aliyeangusha sahani husema "imevunjika", hasemi "imevunjwa", na anajua kwa nini. Kauli ya kutendeka hutaja hali na kumsitiri mtendaji. Ya kutendwa humdai. Ukiandika "umechafuliwa na", umeshamtaja mshitakiwa.

Sasa tazama kipimo chenu kimeona nini. Mnachomeka vijiti vinne vya chuma: viwili vinapeleka mkondo, viwili vinasoma volteji. Jiwe lenyewe karibu halipitishi umeme. Yanayoupitisha ni maji yaliyomo vitunduni, na yakiwa na chumvi huupitisha kwa wepesi zaidi. Namba mnayopata, kwa om-mita, husema kitu kinauzuia umeme kiasi gani: maji ya bahari yana kama 0.2, ilhali mwamba mkavu wa chokaa hufika mamia, hata maelfu. Namba ikiporomoka, mnashuku chumvi. Lakini udongo wa mfinyanzi nao huishusha, bila uchafu wowote. Petroli iliyomwagika karibuni huipandisha! Kwa hiyo kipimo hakijamwona mchafuzi. Hata uchafu wenyewe kimeukisia tu.

Ndiyo maana kwangu hata "umechafuka" ni mapema. Andikeni kwanza kwamba namba imeshuka na yamkini maji yameingia chumvi, kama wasemavyo wenye visima. Sampuli ya maji ikithibitisha, hapo "umechafuka kwa chumvi". Angalia hiyo "kwa": mkubwa wako akibadili kitenzi akaiacha "na", kazi ameifanya nusu. "Umechafuliwa na maji ya bahari" ingoje mpaka chanzo kijulikane, maana choo cha shimo kilicho jirani nacho hutia chumvi kisimani.

"Vinyweleo" naliunga mkono. Kinyweleo ni kile kitundu cha ngozi kitokacho jasho, ingawa wapo watakaodhani mwamba wenu umeota malaika, vile vinywele vya mwilini. Ila jiwe la matumbawe lina mashimo ya kuingia kidole. Hayo yaiteni matundu. Na msidhani kila chenye vinyweleo hupitisha maji: udongo wa mfinyanzi umejaa vinyweleo, na bado maji hayapiti humo ila kwa shida.

Kuna moja hukuniuliza. Umeandika "upinzani wa mwamba". Upinzani ni wa bungeni na wa uwanja wa mpira. Mwamba una ukinzani.