X-Men '97 ni mwendelezo wa hadithi ileile

Uliyeuliza kama X-Men '97, katuni ya mfululizo kuhusu kundi la mashujaa mutanti (watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida), inaanza hadithi upya au inaendeleza ile ya zamani: inaendeleza. Mfululizo wa kwanza ulirushwa nchini Marekani kuanzia 1992 hadi 1997, ukafikisha vipindi 76, na katika kipindi cha mwisho Profesa Xavier, mwalimu na kiongozi wa kundi hilo, akiwa amejeruhiwa vibaya, aliagana na wanafunzi wake kisha akapelekwa mbali na sayari yetu ili akatibiwe na Shi'ar, watu wa sayari nyingine. Vipindi 10 vya msimu wa kwanza wa X-Men '97, vilivyoanza kuonyeshwa kwenye huduma ya video mtandaoni ya Disney+ mwezi Machi 2024, vinaanzia kwenye pengo hilohilo: mwalimu hayupo, na mwanafunzi wake Cyclops analazimika kuongoza kundi ambalo bado lina majonzi.

Kilichonigusa zaidi ni sauti. Waigizaji Cal Dodd na Lenore Zann wamerudi kuwa sauti za Wolverine na Rogue, wahusika wawili wa kundi hilo, baada ya zaidi ya miaka 25, nawe unausikia umri katika sauti zao, jambo ambalo kwangu linawaongezea wahusika uzito. Norm Spencer, aliyekuwa sauti ya Cyclops, alifariki 2020, hivyo nafasi yake imechukuliwa na Ray Chase.

Nakushauri utazame kwanza vile vipindi vya zamani vinavyohusu kisiwa cha Genosha, kwa sababu kipindi cha tano cha X-Men '97 kinarejea huko kwa msiba mkubwa, ambao hautakuuma ipasavyo usipokijua kisiwa hicho tangu kilipokuwa mahali ambapo mutanti walifanywa watumwa.