Barua za Wasomaji: Tarehe Kwanza, Uwanja Baadaye

Barua nne za mwezi huu zinahusu jambo moja: ligi ya wanawake ya futiboli ya Kiaustralia, inayofahamika kwa kifupi AFLW, na namna inavyopangiwa siku na viwanja. Kwa ambao hawajawahi kuuona, mchezo huu si soka wala si raga. Mpira wake una umbo la yai, hupigwa kwa mguu na kwa ngumi, wanawake huucheza 16 kila upande, na uwanja nao ni wa mviringo kama yai. Naomba umbo hilo la uwanja likumbukwe, kwa kuwa nusu ya majibu yangu yanatoka humo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2019 nilitazama kwenye simu fainali ya AFLW ikichezwa Adelaide, watu wamejaa hadi majukwaa ya juu, nikaupenda mchezo ingawa sheria zake zilinipiga chenga. Miaka mitatu baadaye nikaona fainali ya ligi hiyo hiyo kwenye kiwanja kidogo chenye jukwaa moja tu la maana. Timu zimeongezeka kutoka 10 hadi 18. Imekuwaje uwanja wa fainali ukasinyaa? *Msomaji wa Mombasa*

JIBU: Macho yako hayakukudanganya. Machi 31, 2019, Adelaide iliicharaza Carlton 63 kwa 18 katika uwanja wa Adelaide Oval mbele ya watu 53,034. Novemba 27, 2022, Melbourne iliibwaga Brisbane 19 kwa 15 huko Springfield, pembezoni mwa jiji la Brisbane, mbele ya watu 7,412, katika uwanja mpya ambao hauchukui zaidi ya watu 8,000 hivi. Hata hivyo, ukizilinganisha fainali hizo mbili kwa idadi ya watu peke yake utadhani mashabiki wamekimbia, na hilo si kweli, maana pale Springfield hapakuwa na nafasi ya kuwapokea wengine zaidi.

Fainali ya wanaume ina kwao: huchezwa Melbourne katika uwanja wa MCG, mwishoni mwa Septemba, na kila mtu anajua hivyo miaka mingi kabla. Fainali ya wanawake haina kwao. Huandaliwa na timu iliyomaliza juu zaidi kati ya mbili zilizofuzu, kwa hiyo jiji lenyewe hujulikana wiki moja tu kabla ya mechi. Wiki moja ni muda mfupi wa kukodi hata ukumbi wa harusi, sembuse uwanja wa watu elfu 40.

Sasa rudi kwenye lile umbo la yai. Uwanja wa mchezo huu unatakiwa uwe na urefu wa kati ya mita 135 na 185, na upana wa kati ya mita 110 na 155. Viwanja vya soka na raga ni vyembamba mno, hivyo karibu kila uwanja mkubwa unaofaa nchini Australia ni wa kugawana na kriketi. Wakati wa baridi futiboli hutawala. Joto likianza, kriketi hurudi kudai chake, na katikati ya uwanja hutengenezwa ile pichi ngumu, kipande cha ardhi ambapo mpira wa kriketi hurushwa na kupigwa, ambayo watunzaji wake huilinda kama mboni ya jicho. Hadi mwanzoni mwa 2022 wanawake walicheza kati ya Januari na Aprili, na fainali yao iliangukia siku ambazo wanaume wanaanza msimu wao, viwanja vikubwa vikiwa vimekwisha kurudishwa kwenye futiboli. Ndiyo maana Adelaide Oval ilikuwa tayari mwezi Machi. Mwaka huo huo wa 2022 ligi ikahamishiwa Agosti hadi Novemba, ikachezwa misimu miwili ndani ya mwaka mmoja, na fainali ikasogea hadi pale ambapo kriketi inaanza kushika funguo. Brisbane, waliokuwa wenyeji, wangeutaka uwanja mkubwa wa jijini kwao, Gabba, lakini Gabba ulikuwa mikononi mwa kriketi, wakaishia Springfield.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Machi ilikuwa salama siku zote. Katika msimu wa kwanza, 2017, Brisbane hao hao walishika nafasi ya kwanza na fainali ilikuwa ichezwe Gabba. Mwanzoni mwa mwezi huo mwanamuziki Adele alikuwa ametumbuiza pale usiku mara mbili, nyasi zikaharibika, na fainali ikahamishiwa Carrara, Gold Coast, ambako watu 15,610 waliona Adelaide ikishinda 35 kwa 29. Brisbane ni timu yenye bahati mbaya na Gabba kuliko yoyote ninayoijua.

Msimamo wangu ni kwamba wanaolalamikia uwanja wanalalamikia kitu cha pili. Cha kwanza ni tarehe. Wikiendi ya fainali hujulikana mapema; kisichojulikana ni jiji tu. Ligi ingeweza kuweka oda ya uwanja mkubwa katika kila jiji lenye timu inayoweza kufika fainali, kisha ikaziachia zile zisizohitajika. Kufanya hivyo kuna gharama, na kriketi haitafurahi, lakini gharama hiyo inajulikana na inaweza kupangiwa bajeti, tofauti na ya kumwambia shabiki aliyefuata timu yake mwaka mzima kwamba tiketi zimekwisha.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaishi Dandenong, Melbourne, na binti yangu wa miaka 12 anaucheza mchezo huu shuleni. Nimempeleka mara mbili uwanja wa Casey Fields kuitazama timu ya Melbourne. Upepo ulikuwa unatupeperusha, tulikaa kwenye nyasi, na mvua ilipoanza tukakimbilia kwenye gari. Wanaume wa klabu hiyo hiyo wanacheza MCG. Hii si dharau? *Mama wa watoto watatu*

JIBU: Mama, pole kwa mvua. Upepo wa Casey Fields unajulikana: uwanja uko wazi, mbali na katikati ya jiji, na timu inayoshambulia dhidi ya upepo huweza kumaliza robo nzima ya mechi bila kufunga hata goli moja. Wachezaji wanaujua, na mashabiki nao huenda na makoti hata jua likiwaka.

Nitakujibu kwa sehemu mbili, kwa sababu swali lako lina mambo mawili ndani yake. La ukubwa wa uwanja sikubaliani nalo. MCG unabeba watu 100,000. Ukiwaweka watu 4,000 mle ndani, kamera za televisheni zitaonyesha viti vitupu mechi nzima, kelele zitapotelea hewani, na ulinzi, usafi na taa vitalipiwa kana kwamba uwanja umejaa. Watu hao hao 4,000 wakiwa kwenye viwanja vidogo kama Whitten Oval au Victoria Park wanauzunguka uwanja, wanasikia nahodha akiita, wanasikia mshindo wa mabega yakigongana, na filimbi ya mwisho ikilia mchezaji hutembea kando ya uzio akitia saini mipira ya watoto. Nadhani binti yako alilipata hilo, mvua au bila mvua. Uwanja mdogo uliochaguliwa kwa hesabu si dharau.

Ila hesabu yenyewe imekosewa mara nyingi, na karibu kila mara kwa upande mmoja, ule wa kudhani watakuja wachache. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi, Carlton na Collingwood, ilipangwa awali ichezwe kwenye kiwanja cha mazoezi cha Collingwood. Walipoona watu wanaiulizia mno wakaihamishia Princes Park. Februari 3, 2017, kiingilio kikiwa bure, waliingia watu 24,568, milango ikafungwa, na wengi wakabaki nje barabarani. Mkuu wa ligi wa wakati huo, Gillon McLachlan, akatoka kwenda kuwaomba radhi. Mwaka uliofuata Fremantle ikacheza na Collingwood katika uwanja mpya wa Perth, wakaja 41,975. Na mwezi Agosti 2022, Essendon na Hawthorn zilipoingia ligini, mechi yao ya kwanza iliondolewa katika kiwanja kidogo cha Port Melbourne na kupelekwa Marvel Stadium, wakafika 12,092. Mara hizi mbili za Melbourne waandaaji walisahihisha kosa kabla ya siku ya mechi. Ni vyema, lakini familia iliyokwisha kupanga safari ya treni ya kwenda kiwanja kimoja haifurahii kuelezwa siku chache kabla kwamba ni kingine.

La pili, la mahali pa kujikinga, hapo nakuunga mkono bila kigugumizi. Dharau iko kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vilivyojengwa bila kuwafikiria wanawake, kwenye jukwaa lisilo na paa, na zaidi ya yote kwenye taa. Uwanja usio na taa za kutosha hauwezi kuchezewa Ijumaa usiku. Mechi inalazimika kuwa ya mchana, na mchana wa Jumamosi ndio saa ambayo binti yako na maelfu ya wasichana kama yeye wako viwanjani wakicheza mechi zao wenyewe. Kwa hiyo kuna wakati uwanja nao hulipiza, ukaiamulia tarehe.

SWALI: Kwa nini mwaka 2024 mechi nyingine zilichezwa katikati ya juma, watu wakiwa kazini? *Mfuatiliaji, Nairobi*

JIBU: Kwa sababu mkataba ulidai mechi 11 kwa kila timu na kalenda ikatoa wiki 10. Mkataba wa pamoja wa wachezaji wa kiume na wa kike uliosainiwa 2023 uliongeza mechi hatua kwa hatua, kutoka 10 mwaka ule hadi 11 mwaka 2024 na 12 mwaka 2025, lakini msimu ulikuwa umebanwa katikati: kabla yake kuna wanaume, baada yake kuna kriketi na sikukuu. Ziada ikaingizwa katikati ya juma. Walioumia zaidi ni wachezaji, ambao wengi bado wana kazi nyingine au masomo, na hupumzika siku chache kati ya mechi mbili za mchezo wa kugongana.

Kuna jambo linaloniudhi hapa. Mkataba huo huo unasema mechi zaidi ya 12 zitategemea wastani wa watazamaji 6,000 uwanjani na 100,000 kwenye televisheni. Anayepanga mechi Jumanne usiku ndiye huyo huyo anayehesabu vichwa, na idadi ikiwa ndogo huwa sababu ya kuwanyima wachezaji mechi za ziada. Huwezi kumfunga mtu miguu kisha ukampima mbio.

SWALI: Mimi naona dawa ni rahisi. Wanawake wacheze saa mbili kabla ya mechi ya wanaume, uwanja ule ule, tiketi ile ile. Mbona hawafanyi hivyo? *Msomaji wa Dar es Salaam*

JIBU: Walianza hivyo. Mechi ya maonyesho kati ya Melbourne na Western Bulldogs mwaka 2013, iliyochezwa MCG, ilikuwa ya kutangulia mechi ya wanaume, na kwa miaka ile ilisaidia kuwajulisha watu kwamba wanawake wanaucheza mchezo huu kwa kiwango cha juu. Ubaya wake ni kwamba mwenye tiketi ya mechi ya jioni huingia jioni. Wachezaji huanza mbele ya viti vitupu, na majukwaa huanza kujaa wao wakiwa wanatoka. Pia kuna suala la nyasi, hasa siku ya mvua, na la vyumba vinne vya kubadilishia nguo ambavyo si kila uwanja unavyo. Na kwa kuwa sasa sehemu kubwa ya msimu wa wanawake huangukia wanaume wakiwa kwenye mechi zao za mtoano au wamekwisha kumaliza, mechi za kutangulia zimebaki chache mno kuweza kuwa mpango wa ligi nzima.

Kilichoishawishi nchi zaidi, nadhani, ni Jumamosi moja ya Septemba 3, 2016. Wanaume walikuwa na wiki ya mapumziko kabla ya mechi za mtoano. Timu mbili za maonyesho za wanawake, Bulldogs na Melbourne, zikapewa Whitten Oval, jioni, televisheni ya bure, na hapakuwa na mechi ya wanaume ya kushindana nayo siku hiyo. Uwanja ukapata zaidi ya watu 6,000 na watazamaji wa nyumbani wakawa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Miezi mitano baadaye ligi ikaanza. Haikuwa MCG, wala haikutangulia mechi ya mtu. Ilipewa siku yake.