Jino likinyamaza ndipo uogope

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Jino likikuuma usiku na daktari wa meno yuko mbali, unafanya nini?" Najibu kama muuzaji wa duka la dawa muhimu, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, mkoani Tanga. Huku kwetu zahanati ipo na wahudumu wake wanajituma, ila kiti cha meno hakuna. Mwenye jino bovu sharti apande bodaboda, avuke kwa kivuko hadi Pangani mjini, au aunganishe basi mpaka Tanga, hospitali ya Bombo. Nauli hiyo, na kazi ya kutwa imempotea. Kwa hiyo huanzia dukani kwangu, na simlaumu hata kidogo.

Ndani ya jino mna kiini chenye mishipa ya damu na neva. Tundu likikifikia, kiini huvimba, na kwa kuwa kimezungukwa na ukuta mgumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo maana jino linapwita, na ukilala chali linazidi. Basi lala umeinua kichwa. Mtu mzima ameze parasetamo mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi vidonge 8 kwa siku. Asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu wala mimba anaweza kuongeza ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, mara 3 kwa siku. Zikienda pamoja hutuliza kuliko moja peke yake. Ila niambie kwanza umeshameza nini. Wengi hufika wakiwa wamepewa diklofenaki na jirani, na hiyo ni ukoo mmoja na ibuprofeni. Ukizichanganya, tumbo ndilo litakaloumia.

Karafuu ya bibi zetu inafanya kazi kweli. Mafuta yake yana yujenoli, kitu kinachotia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe huyachanganya na unga wa oksaidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Tone moja kwenye pamba, ndani ya tundu, basi. Ukiyamwaga ovyo yanaunguza ufizi, na mtoto mdogo asipewe kabisa. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi nayo ni mazuri: sukutua, tema.

Yasiyofaa nayaona kila mara. Kuna mzee mvuvi alikuja na aspirini ameibana shavuni tangu usiku. Alipofungua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama ngozi iliyobabuka kwa maji ya moto, na pamba ilipougusa ukatoka utando. Aspirini ni tindikali. Hufanya kazi ukiimeza, ukiibandika inakuchoma. Jino lake lilikuwa linauma vilevile, sasa na kidonda juu yake. Wapo pia wanaodondosha maji ya betri kwenye tundu. Jamani, hayo yanakula hata chuma.

Halafu kuna "rangi mbili", vile vidonge vya antibayotiki, dawa ya kuua bakteria. Huyo mzee aliniomba, "Mjukuu wangu, nipe nne tu." Nikamwambia, "Babu, hizi hazitulizi maumivu, na nne si dozi." Hakupenda. Wengine huzifungua wakamimina unga tunduni. Antibayotiki haitoi ganzi, wala haizibi tundu. Jino likiuma kwa sababu kiini kimevimba, haisaidii. Likishatunga usaha, usaha unataka njia ya kutokea, ama kwa kulifungua jino ama kuling'oa. Dawa hiyo ni ya kuongezea pale mtaalamu anapoona maambukizi yanasambaa. Vidonge vinne vya leo na vitatu vya mwezi ujao vinawazoesha wadudu dawa, na siku ya homa ya mapafu mtoto wako ataihitaji.

Mbona basi watu wanaapa kwamba iliwaponya? Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Kiini kilichovimba mwishowe hufa. Kikifa, neva haipo tena ya kulia, na jino linanyamaza. Linaweza kunyamaza wiki, hata miezi. Mtu anaishukuru ile dawa aliyotumia mwisho, iwe karafuu, rangi mbili au mzizi wa mganga, na ile safari ya Pangani anaifuta. Kumbe wadudu wameshuka hadi kwenye mzizi na wanaingia mfupani. Wanaorudi kwangu shavu limefura hadi jicho linafumba, karibu wote hunieleza kwamba jino "lilipona" siku za nyuma. Kwangu mimi hiyo nafuu ndiyo hatari kubwa kuliko maumivu, maana maumivu angalau yangekufikisha hospitali.

Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, mdomo ukagoma kufunguka, mate yakashindwa kumezeka au pumzi ikabana, usije dukani. Tafuta chombo uende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya haya ilianza kutumika nchini mwetu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, ilibuniwa njia ya kusafisha jino lililotoboka kwa vifaa vya mkono na kuliziba, bila umeme wala mashine. Shirika la Afya Duniani likaanza kuinadi mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza dawa ya kuzibia, glasi ayonoma, katika orodha yake ya dawa muhimu. Tanga mjini tuna chuo kinachofundisha matabibu wa meno. Vifaa vyenyewe vinaenea kwenye mkoba. Naiomba halmashauri itupangie siku moja kila mwezi, tabibu avuke na mkoba wake, akae zahanati, azibe matundu yakiwa bado madogo. Tarehe itangazwe msikitini, kanisani na shuleni. Mimi nitaiandika kwenye kila bahasha ya dawa ya maumivu ninayouza, na wenye majino yaliyonyamaza nawajua, nitawafuata majumbani.

Msomaji wenu, Pangani