Leseni kwanza au klabu kwanza?

Salaam, ndugu. Umekwama ukidhani lazima polisi wakupe cheti cha silaha ndipo ujiunge na klabu ya shabaha hapa Uingereza. Sivyo, anza na klabu. Kwanza kabisa uliza kama imeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Hapo mwanachama hupiga kwa bunduki za klabu bila cheti chake mwenyewe. Utakuwa kwenye majaribio miezi 3 au zaidi, kwa hiyo usinunue bunduki sasa.

Mimi nilianza na bunduki ya .22 (ya risasi ndogo), nimelala kifudifudi, mwalimu akinikazania: toa pumzi nusu, tulia, vuta triga taratibu. Risasi 5 za mwisho zilikaa pamoja kwenye karatasi. Nilifurahi mno!

Kama uliwahi kuhukumiwa kifungo, waambie watu wa klabu kabla hujashika silaha.