Maswali ya wasomaji: Ahadi ya Michael Scott na watazamaji wanaotoka sebuleni

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi na mke wangu tumekuwa tukiitazama The Office ya Marekani tangu msimu wa kwanza, sehemu mbili tatu kila jioni. Tulipofika kwenye "Scott's Tots", katika msimu wa sita, mke wangu aliinuka, akatoka sebuleni na kuniambia nimwite itakapokwisha. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nimekuja kugundua kwamba mashabiki wengine nao wamegawanyika hivyohivyo: wapo wanaoihesabu miongoni mwa sehemu bora kabisa, na wapo wanaoiruka kila wanaporudia tamthilia nzima. Inakuwaje sehemu moja ya vichekesho iwafukuze watu walewale wanaoipenda?

JIBU: Ndugu msomaji, shemeji hayuko peke yake, na tena hakukosea. Kwa faida ya wasioijua, nikumbushe kisa chenyewe. Sehemu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na NBC tarehe 3 Desemba 2009. Michael Scott, meneja wa tawi la kampuni ya karatasi ya Dunder Mifflin mjini Scranton, Pennsylvania, nafasi iliyochezwa na Steve Carell, aliwahi kuwaahidi watoto wa darasa la tatu kwamba wakimaliza shule ya sekondari atawalipia karo ya chuo kikuu. Miaka 10 imepita, watoto wamekuwa vijana, wamesoma kwa bidii na sasa wanamngoja mfadhili wao. Michael hana fedha hizo, na hakuwahi kuwa nazo. Inambidi aende shuleni kuwaambia.

Waswahili tunasema ahadi ni deni, na nadhani hapo ndipo maumivu yanapoanzia, kwa sababu tamthilia hii imejengwa juu ya mtu anayejidhalilisha mwenyewe mbele ya watu wazima wanaolipwa mshahara wa kumvumilia. Stanley, mmoja wa wafanyakazi wake, anaweza kurudi kwenye fumbo lake la maneno, mwenzake Jim anaweza kuitazama kamera, na jioni kila mmoja anakwenda kwake. Katika "Dinner Party" ya mwaka 2008, ambayo nayo huwafanya watu wajikunyate, wanaoumbuka ni Michael na mpenzi wake Jan, nyumbani kwao, mbele ya wageni wanaoweza kuaga na kuondoka. Vijana wa "Scott's Tots" hawana pa kuondokea. Walipewa neno wakiwa wadogo mno kulipima, wakalijengea maisha. Mtazamaji anayemwonea haya Michael peke yake anaweza kucheka, lakini anayewaangalia vijana hushindwa, na mara nyingi tofauti iliyopo kati yako na mkeo ni ya macho yalikoelekea tu.

Hebu rudini kwenye ile dakika ya wimbo. Vijana wanasimama mbele ya darasa, wanaimba na kucheza kwa hatua walizozifanyia mazoezi, na jina la Bwana Scott limo ndani ya wimbo wenyewe. Kamera inahama kutoka kwao hadi kwa Michael aliyeketi, akitabasamu tabasamu la mtu ambaye maji yamemfika shingoni. Hakuna anayesema neno baya. Furaha ya vijana ni ya kweli kabisa, na kadiri inavyozidi ndivyo tunavyozidi kubanwa kifua, maana tunajua wasichokijua wao. Kisha, baada ya kukiri kwamba fedha hazipo, anawapa kila mmoja zawadi ya betri ya kompyuta ya mkononi: betri tu, bila kompyuta. Kwa lugha yetu hiyo ndiyo danganya toto halisi, na uchungu wake ni kwamba mtoaji anaamini kwa dhati kuwa ametoa kitu.

Kuna sababu nyingine inayohusu ufundi, nayo husahaulika kwa urahisi. The Office haina sauti ya kicheko iliyorekodiwa. Katika vichekesho vya namna ya zamani, kicheko cha hadhira humwashiria mtazamaji kwamba mambo si mazito na kwamba anaruhusiwa kupumua. Hapa imetumiwa namna ya filamu ya kumbukumbu: kamera ya mkononi, kimya kirefu, na watu wanaojua kwamba wanapigwa picha. Mtazamaji anageuzwa shahidi aliyekaa kwenye kiti cha nyuma darasani, na shahidi hana kitufe cha kicheko cha kumwokoa.

Namna hiyo ilitoka Uingereza, ambako Ricky Gervais na Stephen Merchant walianzisha tamthilia ya jina hilohilo kwenye BBC mwaka 2001. Ile ya Uingereza ilikuwa na misimu miwili ya sehemu sita sita pamoja na toleo maalumu la Krismasi la mwaka 2003, ikaishia hapo. Aibu kali inavumilika ikiwa fupi. Greg Daniels alipoileta Marekani mwaka 2005, msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu sita tu na Michael wake alifanana mno na yule wa Uingereza. Kuanzia msimu wa pili waandishi walimlainisha, wakampa upweke tunaouona na wema unaojitokeza pale usipotarajiwa, na tamthilia ikaendelea hadi kufikia sehemu 201 ilipofungwa Mei 2013. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoifanya "Scott's Tots" iwe nzito kuliko ilivyopaswa kuwa. Ingekuja mwaka 2005, tungemcheka mtu tusiyemjali. Ilipokuja mwishoni mwa mwaka 2009 watazamaji walikwisha kumpenda, na kumtazama umpendaye akiwaumiza wasio na hatia ni kazi nyingine kabisa. Nakushauri usimlazimishe shemeji kuirudia.

SWALI: Mpendwa Mwandishi, kila mtu huzungumzia shule na kusahau yaliyotokea ofisini siku hiyohiyo. Je, kile kisa cha Jim na mfanyakazi bora wa mwezi kina kazi gani pale?

JIBU: Kina kazi ya kupumzisha, ingawa sioni kama kinaitimiza vizuri. Jim, ambaye wakati huo ni meneja mwenza, anashawishiwa na Dwight, muuzaji wa ofisini humo, kuanzisha tuzo ya mfanyakazi bora wa mwezi. Dwight anaipanga hesabu ili mshindi awe Jim mwenyewe, na Jim anapokataa, zawadi inamwangukia mkewe, Pam. Wafanyakazi wanakasirika, na kama vile hayo hayatoshi, inaletwa keki yenye picha ya Jim. Ni mchezo mzuri wa hila, na Dwight akiigiza sauti za wenzake kwenye simu anavunja mbavu. Tatizo ni kwamba hapa pia tunamtazama mtu akiumbuka hadharani bila njia ya kujitetea, kwa hiyo anayekimbia darasani anaangukia aibu nyingine ofisini. Pumziko la kweli, kwangu, ni kicheko cha Stanley mwanzoni, anapotambua kwamba ile miaka 10 imetimia. Mtu ambaye kwa kawaida hata kutabasamu ni kazi anacheka hadi anaishiwa pumzi, na anacheka kwa niaba ya kila aliyewahi kusikia ahadi za Michael.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nimebishana na dada yangu kuhusu maneno ya Erin garini. Yeye anasema yanamsafisha Michael. Mimi nasema yanamfunika tu. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Wakiwa njiani kurudi, Erin, karani wa mapokezi anayechezwa na Ellie Kemper, anamwambia Michael kwamba kwa mujibu wa mkuu wa shule, asilimia 90 ya vijana wale wako njiani kuhitimu, na kwamba kiwango hicho kinazidi kile cha wanafunzi wengine wa shule kwa asilimia 35. Mashabiki wanaomtetea Michael hushikilia tarakimu hizi kana kwamba ni hukumu ya mahakama, na naelewa sababu: ni tarakimu kubwa. Ukizisoma kama tofauti ya moja kwa moja, shule iliyobaki ina wahitimu 55 katika kila 100.

Hata hivyo nipo upande wako, ingawa si kwa asilimia mia. Waliokesha na vitabu ni vijana. Michael aliwapa sababu ya kuamini, na sababu hiyo ilikuwa ya uongo. Kwamba ilizaa matunda ni sifa ya walioamini, na karo bado haijalipwa. Dada yako ana haki katika jambo moja: Erin hasemi uongo wala hambembelezi. Amekaa darasani, ameona kila kitu, na bado anatafuta neno la kweli linaloweza kumsimamisha mtu aliyeanguka. Urafiki wao, ambao baadaye unakuwa kama wa baba na binti, kwa sehemu kubwa unatokea katika kiti hicho cha gari.

Nawaomba nyote wawili mtazame tena kinachotokea kabla hawajaondoka shuleni. Kijana mmoja anamfuata Michael nje, na Michael, ambaye ametoka tu kuwavunja moyo wenzake wote, anamwahidi kumlipia vitabu vya chuo. Mwaangalieni yule kijana usoni wakati anaisikia ahadi hiyo ya pili.