Upanga wa Kuku Ukipauka, Usianzie Duka la Dawa

Mfugaji mgeni mwenye kuku watano uani akiona upanga wa mmoja wao, ile nyama nyekundu ya juu ya kichwa, umepauka, hatua yake ya kwanza huwa duka la pembejeo. Anaomba "dawa ya kuku", anapewa pakiti ya antibayotiki ya unga, anaichanganya kwenye maji ya kuku wote, na wiki moja baadaye upanga uko vilevile. Mara nyingi kinachomsumbua kuku huyo kimejificha chini ya mti anaolalia, na antibayotiki haikigusi.

Tuelewane kwanza majina. Kuna wanaouita kishungi na wanaouita kilemba. Hapa tutasema upanga, na zile nyama mbili zinazoning'inia chini ya mdomo tutaziita ndevu. Kuku hatoki jasho. Joto hulipunguza kwa kuhema na kwa kupeleka damu kwenye upanga na ndevu, ambako ngozi ni nyembamba na imejaa mishipa midogo. Ndiyo maana rangi unayoiona pale ni rangi ya damu yenyewe: ipo ya kutosha au imepungua, ina oksijeni au haina. Juu ya hapo kuna homoni za uzazi, ambazo huukuza na kuuiva upanga kuku anapokaribia kutaga, kisha huuachia usinyae anapopumzika. Damu, oksijeni na homoni: dawa moja haiwezi kuvitibu vyote vitatu.

Kabla ya kusema upanga umebadilika, lazima ujue ulikuwaje. Piga picha ya kila kuku akiwa mzima, asubuhi, nje, kwenye mwanga wa kawaida. Chini ya taa nyekundu ya vifaranga kila kuku anaonekana mzima. Mbegu nazo zinatofautiana: kuku wa mayai weupe wana upanga mkubwa unaolalia upande mmoja, na huo si ugonjwa, kuchi ana upanga mdogo uliobana kichwani, Silkie huzaliwa na upanga wa rangi ya zambarau iliyoiva, na wageni wengi wamewahi kumtibu bure. Pia usimhukumu kuku uliyetoka kumkimbiza. Mwache kwenye kivuli nusu saa ndipo umtazame.

Ukishamshika, fanya jaribio hili dogo. Bonyeza upanga kwa kidole gumba kama unavyobonyeza embe kujua limeiva, kisha achia. Alama ya kidole itabaki nyeupe, halafu wekundu urudi. Kwa kuku mzima hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ukichelewa, damu haizunguki vizuri. Kama hakuna alama yoyote kwa sababu upanga wote ni mweupe tangu awali, mfungue mdomo na uvute kope ya chini taratibu: ndani ya mdomo na ndani ya kope pakiwa peupe kama karatasi, kuku amepungukiwa damu kweli. Pakiwa pa waridi, huenda ni homoni tu zimeshuka.

Weupe wa homoni hauhitaji dawa. Tembe ambaye hajaanza kutaga ana upanga mdogo wa waridi; kuku wa mayai wa kisasa huiva kati ya wiki ya 18 na ya 20, wa kienyeji huchelewa zaidi. Koo anayeatamia hupauka na kukonda kidogo kwa sababu hula mara chache ndani ya zile siku 21. Anayenyonyoka manyoya naye upanga husinyaa, na huweza kukaa wiki 8 hadi 12 bila yai. Kuhakikisha, pima mifupa miwili iliyo pande mbili za tundu la nyuma. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati yake na tundu likiwa pana na lenye unyevu, kuku anataga. Kikipita kimoja na tundu likiwa dogo na kavu, amepumzika. Kuku anayetaga huku upanga wake ni mweupe ndiye wa kutiliwa shaka.

Wa kwanza kutafutwa ni utitiri mwekundu. Mchana humwoni juu ya kuku, na hapo ndipo wengi hupotea: wanamkagua kuku saa nne asubuhi, hawaoni kitu, wanasema hana wadudu. Utitiri huu hukaa kwenye nyufa za mbao, chini ya mti wa kulalia na kwenye kona za viota, hutoka usiku kunyonya, kisha hurudi mafichoni kabla hapajakucha. Akiwa na njaa ni wa kijivu. Akishiba anakuwa mwekundu. Dalili za mapema ni kuku kugoma kuingia bandani jioni, mayai yenye vidoadoa vya damu, na wewe mwenyewe kuwashwa mikono baada ya kuokota mayai.

Ingia bandani saa tatu usiku na tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa upande wa chini wa mti wa kulalia, hasa pale ncha zake zinapokaa ukutani, huku ukikandamiza. Mulika kitambaa. Michirizi myekundu kama ya kalamu ya wino ni utitiri uliopondeka ukiwa na damu ya kuku wako. Ukisubiri kidogo utaona vingine vidogo kama chembe za pilipili manga vinatembea. Kitambaa kikiwa safi, rudia usiku mwingine kwenye viota kabla ya kumwondoa kwenye orodha.

Ukimpata, banda ndilo la kutibiwa kwanza. Toa kuku wote, choma nyasi za viota na maranda, ng'oa miti ya kulalia, kwangua, mwagia maji yanayochemka kwenye kila ufa, acha pakauke, kisha nyunyiza dawa ya wadudu iliyoandikwa kuwa ni ya mabanda ya kuku kwa kipimo cha kwenye lebo. Nyufa za ukuta zibe kwa udongo au saruji. Kazi yote uirudie baada ya siku 7, na tena baada ya siku 7 nyingine, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai, na yai la leo linaweza kuwa utitiri mzima ndani ya wiki moja hivi. Anayepulizia mara moja na kutulia atamwona mdudu amerudi mwisho wa mwezi na kuilaumu dawa. Kuliacha banda tupu wiki mbili nako hakusaidii: utitiri huvumilia njaa kwa miezi. Mti wa kulalia uwe laini, usio na magome, unaotoka kirahisi. Mianzi tunaikataa moja kwa moja. Matundu yake ni nyumba ya kulala wageni kwa wadudu hawa.

Usimwogeshe kuku kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokisiwa kwa kifuniko cha chupa. Wako waliokufa siku hiyohiyo. Na kwa dawa yoyote, soma ni siku ngapi mayai hayaruhusiwi kuliwa.

Utitiri mwekundu ana ndugu zake. Papasi hukaa kwenye kuta za udongo na hutoka usiku vilevile. Kuna utitiri mwingine asiyeondoka mwilini. Huyo mtafute kuzunguka tundu la nyuma, ambako manyoya huwa meusi kama yaliyopakwa masizi. Na kuna viroboto wanaojichimbia juu ya upanga wenyewe na kuzunguka macho, weusi, wamejipanga kama mbegu. Usiwanyofoe kwa kucha, utaacha vidonda. Wapake mafuta mazito ya kujipaka ili wakose hewa, ukikwepa jicho, na ubadilishe mchanga wanaooga kuku, kwa sababu watoto wa viroboto hukulia ardhini.

Wadudu wakikosekana, pima kidari. Mfupa ukichoma kama kisu huku kuku anakula vizuri, fikiria minyoo; dawa yake hupimwa kwa uzito wa kuku, si kwa idadi ya vijiko, na kwa kuku wanaotembea nje wengi hurudia kila miezi 3. Kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6 waliojikunyata na kinyesi chenye damu, hiyo ni koksidiosisi: dawa ya amproliamu ianze siku hiyo, na maranda yenye unyevu yatolewe, la sivyo unatibu na kuambukiza kwa wakati mmoja. Taifodi ya kuku nayo hupausha upanga, ikiambatana na homa na kuhara kwa rangi ya njano iliyochanganyika na kijani. Hapo ndipo antibayotiki ina nafasi, tena kwa maelekezo ya mtaalamu. Mwisho kuna kuku mnono aliyelishwa mahindi na ubwabwa tu: ini hujaa mafuta, likapasuka, akavuja damu ndani. Leo mwekundu, kesho amekufa na upanga mweupe. Kwake hakuna tiba, ila waliobaki wapunguzie wanga.

Rangi ya zambarau au bluu ni habari nyingine kabisa, na haisubiri kesho. Maana yake oksijeni haifiki. Swali la kwanza: ni kuku mmoja au ni kadhaa?

Akiwa mmoja, anza na joto. Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa nane mchana, kuku mwenye mdomo wazi na mabawa yaliyoachana anaiva vibaya kwa joto. Mpeleke kivulini, mloweshe miguu kwa maji ya kawaida, mpe anywe. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku na kwenye joto kali anaweza kufikisha mara mbili ya hapo, kwa hiyo kopo moja kwa kuku watano halitoshi hata asubuhi. Kama si joto, na amesimama wima kama mtu aliyeshikwa na tumbo, huku anasukuma mkia, huenda yai limekwama. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, umkaushe, umweke mahali pa giza na kimya. Usimkamue, yai likipasukia ndani kipande chake hukata.

Wakiwa kadhaa, fikiria kideri, kipindupindu cha kuku, au mafua makali ya ndege. Kideri huleta kuhara kijani, kuhema na shingo kupinda. Kipindupindu huvimbisha ndevu zikawa za moto na nyeusi. Kwa macho huwezi kuyatenganisha kwa uhakika, na usijaribu kwa kumpasua kuku jikoni. Usichinje, usiuze, usigawie jirani. Watenge, usiwashike mikono mitupu, mpigie ofisa mifugo wa kata. Chanjo ya kideri aina ya I-2, tone moja jichoni kila miezi 3 hadi 4, hupewa kuku wazima. Haimwokoi aliyekwisha kuugua.

Madoa meusi huwatisha watu kuliko yanavyostahili. Doa moja lenye ukingo wa damu kavu kwa kawaida ni mdomo wa mwenzake. Vipele vilivyoanza vyeupe, vikawa vya njano, kisha magamba meusi kwenye upanga na kuzunguka macho ni ndui, ambayo mbu huisambaza sana, kwa hiyo huja na mvua. Haina dawa ya kuiua; magamba huanguka yenyewe baada ya wiki 3 au 4. Paka iodini, usibandue, na mfungue mdomo kila siku: ukiona utando wa njano kama jibini kooni, huyo yuko hatarini kukosa hewa. Wazima wachanjwe kwenye utando wa bawa.

Unga mweupe juu ya upanga ujaribu kwa kitambaa chenye maji. Ukitoka, ni vumbi la kuoga. Ukibaki na ngozi ikawa na magamba, ni fangasi, na dawa ya kupaka ya fangasi hutumika kwa siku nyingi, hata baada ya weupe kupungua.

Baada ya kusafisha banda, usitarajie wekundu kurudi keshokutwa. Damu hujengwa kwa chakula, kwa hiyo ongeza mchicha na dagaa wasio na chumvi. Rudia jaribio la kidole kila wiki, saa ileile. Wiki ya tatu kitambaa cha usiku kikiwa safi na upanga bado mweupe, okota kinyesi kibichi cha asubuhi, kijazo cha kijiko, kitie kwenye mfuko safi, kiweke mahali pa baridi bila kugandisha, na kifike maabara ya mifugo siku hiyohiyo.