Malengelenge baada ya kupigwa mwanga

Shikamoo daktari. Baba ana miaka 72 na ana soriasi, ule ugonjwa wa ngozi yenye magamba. Alikuwa akipigwa mwanga hospitali Dar, magamba yakapungua. Kisha ngozi ikamwasha wiki tatu, na sasa ametoka malengelenge hadi mapajani, pasipokuwa na soriasi. Mashine imemuunguza? (Newala)

Marahaba. Mwanga ukizidi huunguza kweli, lakini kuungua hujitokeza ndani ya siku moja au mbili, ngozi ikiwa nyekundu na inauma. Muwasho wa wiki tatu kabla ya malengelenge unanifanya nifikirie pemfigoidi. Huu ni ugonjwa wa wazee zaidi: kinga ya mwili inashambulia protini zinazoshikiza ngozi ya juu kwenye ya chini. Mshikizo ukiachia, maji hujaa katikati, ndiyo maana lengelenge lake huwa gumu na halipasuki upesi. Mara chache, mionzi ya urujuanimno, ndiyo mwanga wa mashine hiyo, huuamsha. Ila wenye soriasi huupata zaidi ya watu wengine hata bila mwanga, kwa hiyo msiwalaumu waliomtibu.

Nakusihi, asirudi kwenye mwanga kabla daktari wa ngozi hajamwona. Atakatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Kwa macho tu hatuwezi kuthibitisha. Mtajieni pia dawa zote anazotumia. Kama ana kisukari na anameza sitagliptini au vildagliptini, hizo nazo huweza kuuleta.

Nimebangua korosho, vidole vimejaa malengelenge. Ndiyo pemfigoidi? (Tandahimba)

Hapana, ni mafuta ya ganda, yanababua ngozi. Osha kwa sabuni na maji mengi. Msimu ujao vaa glavu. Mikono hiyo ndiyo inayokulisha.

Bibi ana pemfigoidi. Unaambukiza? (Lindi mjini)

Hauambukizi. Wajukuu wale naye na wamkumbatie. Nimeona wazee wakitengewa hadi kikombe, na hilo linawaumiza kuliko kidonda.

Mama anameza prednisoloni kwa ugonjwa huu, muwasho umeisha. Nimwachishe? (Masasi)

Usimwachishe ghafla. Dawa hii inafanana na homoni ya mwili. Akishaizoea, mwili hupunguza kutengeneza homoni ya aina hiyo, na kuikatisha kunaweza kumwangusha vibaya. Daktari ataishusha kidogo kidogo. Apimwe sukari na presha, maana dawa hii huzipandisha. Lengelenge likimsumbua litobolewe kituoni kwa sindano safi, ngozi ya juu ibaki ifunike kidonda. Akipata homa au usaha, mpeleke siku hiyo hiyo.